Kabila la Waivia kwenye Fomu ya Kijani

Jumatatu, 7 Septemba 1998. Kitui mjini.

Habari kubwa. Anders ameandika. Mchezo wetu unatafuta kabila la saba!

Nieleze, ili wajukuu wangu wakisoma daftari hili wasidhani babu yao alikuwa mvivu. Anders ni yule kijana wa Uswidi aliyejitolea hapa kwenye mradi wetu wa mabwawa ya mchanga, yaani kuta za kuhifadhi maji kwenye mito mikavu, mwaka juzi. Alipoondoka alituachia modemu na mchezo. Mchezo wenyewe hauna picha, ni maneno matupu. Kila Ijumaa unatuma barua pepe kueleza shujaa wako anakwenda wapi na anapigana na nani, na Jumatatu Anders anakujibu kwamba umekufa. Mimi nimekufa mara nne. Wachezaji tuko ishirini na sita, kutoka nchi kumi na moja. Kitui tuko wawili: mimi, Ndululu, karani, na Muli wa stoo, ambaye hakuna aliyemwalika.

Sasa kila mchezaji abuni kabila jipya. Jina, makao, nguvu, udhaifu, maadui. Halafu kura. Aliyebuni kabila litakaloshinda atakuwa mtawala wake, na mtawala hauawi. Nimesoma mstari huo mara tatu.

Muli kanipitia dirishani kunijulisha kwamba yeye tayari ana wazo: watu wenye mikia ya simba. Nikamwambia ni wazo zuri sana. Ni wazo la mtoto wa darasa la pili.

Jambo lingine dogo. Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini. Bwana Mathenge, meneja wetu, amesema atakagua kazi ya kila mtu kabla ya kutia sahihi. Alipokuwa akisema hivyo alikuwa anaitazama trei yangu, yenye fomu arobaini ambazo bado sijaziingiza kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa natazama nje.

Jumanne, 8 Septemba.

Kabila langu limezaliwa! Waivia, watu wa mawe. Wanapasua miamba bila chuma. Wanakaa siku tisa bila kunywa maji. Malkia wao hafi. Idadi yao mia nne, na kila mmoja ana nguvu za ng'ombe dume. Hawachoki, hawaogopi, hawaugui, hawadanganyiki. Udhaifu: hakuna. Nimetuma saa ya chakula cha mchana, laini ya simu ikiwa tulivu.

Muli naye katuma mikia yake. Ukurasa nusu tu. Masikini.

Alhamisi, 10 Septemba.

Anders amenirudishia Waivia. Kwa adabu, lakini amenirudishia. Anasema kabila lisilo na udhaifu halichezeki, kwa sababu mchezaji hana la kuhofia, na asipokuwa na la kuhofia atalala. Kila kabila lina pointi thelathini. Ukiongeza nguvu hapa, uongeze udhaifu pale, mpaka mizani ikae sawa. Halafu akanishauri nitazame kabila la Muli, lililopangwa vizuri.

Nimeumwa na kichwa mchana kutwa.

Ijumaa, 11 Septemba.

Leo nimefanya kazi kama punda, na nimeifanya kwa akili.

Shida yangu ilikuwa Bwana Mathenge. Tangu Jumatatu anapita nyuma ya kiti changu kila baada ya nusu saa, mikono mgongoni. Huwezi kubuni kabila mtu anakupumulia kisogoni. Basi nikachukua fomu yetu ya kijani, ile ya kuandikisha vikundi vya mwethya, watu wanaosaidiana kazi kwa zamu, vinavyoomba bwawa. Lo! Kana kwamba Anders mwenyewe ndiye aliyeipanga. Jina la kikundi. Makao. Idadi ya wanachama. Uongozi. Nguvu. Udhaifu. Wapinzani. Mahitaji. Nikaanza kujaza kwa kalamu, mwandiko mzuri. Bwana Mathenge akapita, akaiona fomu ya kijani, akaguna kwa kuridhika.

Makao: nyuma ya mlima wa Nuu. (Nilihitaji mlima, huo ndio uliokuja kichwani.) Idadi na nguvu: zilezile za Jumanne. Uongozi: malkia asiyekufa.

Kwenye udhaifu nilikwama. Mwisho nikafikiria vile watu wa kwetu wanavyofanya kazi, nikaandika: Mwivia mmoja peke yake hawezi kuinua hata jiwe la jikoni. Nguvu zinakuja pembe ikilia na wote wakikusanyika. Aliyepiga pembe lazima awalishe wote. Na yeyote aliyesaidiwa hawezi kufanya lake tena mpaka arudishe siku kwa kila aliyemsaidia. Nikapiga hesabu ya pointi. Thelathini kamili. Nilitaka kujipigia makofi.

Wapinzani: Watu wa Stoo. Wafupi, wana funguo nyingi kiunoni, hujaza mali ndani na kumwambia kila mtu aje kesho. Hapo nilicheka peke yangu.

Mahitaji: ukuta wa mawe wa kuzuia mto.

Nikapiga chapa yote kwenye kompyuta, nikatuma, nikaitupia fomu kwenye trei, nikaenda kula muthokoi na roho nyeupe.

Jumatatu, 14 Septemba.

Fomu yangu haipo.

Trei yote ni tupu. Nimetafuta chini ya meza, ndani ya kabati, mpaka kwenye pipa la taka. Mfagiaji anasema meneja alizibeba fomu zote Ijumaa nikiwa chakulani, akazipeleka mwenyewe Nairobi kwa wafadhili, kwa sababu alichoka kungoja mtu fulani aziingize kwenye kompyuta.

Zote. Arobaini za kweli na moja ya Waivia.

Nimejituliza. Nairobi wana makaratasi mengi. Nani anasoma fomu?

Jumatano, 16 Septemba.

Wanasoma.

Bwana Mathenge amerudi akitabasamu, kitu ambacho sijawahi kukiona tangu niajiriwe. Akaniita ofisini, akaniambia niketi. Akasema kati ya fomu arobaini na moja, wafadhili wameipenda moja kuliko zote. Vikundi vingine kwenye udhaifu huandika "hakuna" au wanaacha wazi. Kikundi hiki tu kimeeleza udhaifu wake bila kuficha. Afisa wao mmoja, Bi Deqa, alisema hajawahi kuona kikundi kinachojijua hivyo. Kwa hiyo saruji ya mwaka huu watapewa wao kwanza, na Jumamosi hii Bi Deqa anakuja mwenyewe kuwatembelea.

Nikauliza kikundi gani, ingawa nilishajua.

"Hawa Waivia wako wa Nuu," akasema. "Hii ni kazi safi, Ndululu. Ukinipeleka huko vizuri, mimi naweka sahihi ya miaka miwili. Lakini nikikuta ni mambo ya kubahatisha, unajua utaenda nyumbani."

Nikamjibu ndiyo, bwana. Nilipotoka nikakutana na Muli mlangoni mwa stoo. Anders ametuma orodha ya makabila yote kwa wachezaji wote, na Muli ameshawasoma Waivia. Na Watu wa Stoo pia amewasoma. Ameyatoa yote kwenye printa, karatasi iko mfukoni mwake, na yeye ndiye atakayeendesha Landrova Jumamosi. Akanitakia safari njema.

Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kumuua mjomba wangu wa Tawa niombe ruhusa ya mazishi, lakini nilishamuua mwezi wa nne.

Alhamisi, 17 Septemba. Nuu.

Nimepata mpango. Malkia anakodishwa.

Asubuhi nilipoinua modemu kuipangusa vumbi (mtu mwenye hofu hupangusa vitu), nikakuta fomu ya kijani imekunjwa mara nne chini yake, niliiweka hapo ili modemu isipate joto. Kikundi cha Kyeni, Nuu. Wanachama thelathini na wanane, wanawake watupu. Mwenyekiti, Mbinya. Tarehe: Februari. Nikakumbuka: niliwaambia imeshafika Nairobi.

Basi nikamwambia Bwana Mathenge natangulia kuwaandaa, nikapanda lori la mchanga mpaka Mwingi, na lingine la mbuzi mpaka hapa. Mpango: hawa akina mama wajiite Waivia kwa saa mbili tu. Nani angekataa?

Nimewakuta mtoni. Mto wenyewe hauna hata tone, ni mchanga mweupe tu na jua. Hawakungoja saruji. Tangu Februari wamekuwa wakikusanya mawe, na rundo lao sasa limezidi nyumba ya mwalimu mkuu. Mbinya ni mama wa miaka sabini hivi, mwembamba, shuka moja begani, sauti haipandi wala haishuki. Nilianza kwa kumwambia kuna mpango mpya wa serikali. Akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia ni zoezi la wafadhili. Akaniuliza mama yangu ni wa wapi. Baada ya nusu saa nilikuwa nimemwambia kila kitu, mpaka Uswidi, mpaka fomu iliyokuwa chini ya modemu.

Akaendelea kupanga mawe. Wengine nao wakarudi kazini. Nilitamani wanitukane.

Kisha akasema, "Mwanangu, sisi hatuwezi danganya mgeni. Akiuliza, tutajibu ile kitu iko. Lakini wewe ulikaa na siku zetu tangu Februari. Hizo utarudisha."

Ijumaa, 18 Septemba. Nuu.

Nimebeba mawe kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mgongo wangu si wangu tena. Kila nikikaa, filimbi yao ya kuitana kazini inalia. Kuna nyanya mmoja mwenye meno mawili ambaye amebeba mawe makubwa kuliko yangu, na kila akinipita ananipa pole.

Nimejaribu tena kumbembeleza Mbinya angalau akubali lile jina. Amekataa. Nimejaribu kumwomba angalau aseme wako mia nne. Amenipa jiwe lingine.

Kesho saa nne Landrova itafika, na mimi nitakuwa sina kazi. Nimeogopa leo kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na naandika hivyo bila aibu. Nina watoto watatu na kazi hii ndiyo niliyo nayo.

Jumamosi, 19 Septemba.

Niandike polepole.

Walifika saa nne kasorobo. Bwana Mathenge mbele, amevaa tai. Muli kwenye usukani, mkono kwenye mfuko wa shati. Na Bi Deqa: mtu wa Garissa, mrefu, buibui jeusi na viatu vya kutembea, anaongea taratibu na anasoma kila neno kabla ya kugeuza ukurasa. Fomu yangu ilikuwa mkononi mwake. Niliutambua mwandiko wangu kutoka mbali, nikataka kujizika kwenye mchanga.

Wakasalimiana. Akina mama wakaimba wimbo mmoja, mfupi. Bi Deqa akaketi juu ya jiwe kama wengine, akafungua fomu, akasema angependa kuwauliza mambo machache yaliyoandikwa, kwa sababu mengine yalimshangaza.

La kwanza, ni kweli wanapasua miamba bila chuma?

Mbinya aliwaashiria wawili, wakampeleka mgeni kwenye mwamba waliouwashia moto wa kuni tangu alfajiri. Wakasukuma makaa kando, wakamwaga debe la maji baridi. Mwamba ukalia pwaa, ukapasuka katikati. Bi Deqa akaandika kitu. Bwana Mathenge akanitazama kwa fahari. Nilikuwa sijui kwamba mwamba hufanya hivyo! Nilidhani nimelibuni mimi.

La pili, siku tisa bila maji? Akina mama wakaangua kicheko. Mmoja akasema mwaka juzi ziliisha kumi na moja kabla ya punda kurudi na maji ya kuchota, wakabaki na yale ya watoto tu. Kwa hiyo tisa ni kidogo.

La tatu, malkia asiyekufa. Hapo nilifunga macho. Bi Deqa akauliza ni nani huyo, na maana yake nini. Mbinya akasema labda ni yeye. Amekuwa mwenyekiti tangu sabini na moja. "Kila uchaguzi nawaambia nimezeeka, nataka kupumzika. Wanakataa. Hata kufa wamenikataza mpaka bwawa liishe." Wengine wakasema ni kweli, wamemkataza.

Mia nne? Wako thelathini na wanane, akasema Mbinya, lakini vikundi vya ng'ambo ya mto huja filimbi ikilia, na wao huenda kwao. Pembe je? Pembe ilivunjika, sasa ni filimbi ya mwalimu wa michezo. Bi Deqa akasoma sehemu ya udhaifu kwa sauti, yote, kwamba mmoja peke yake hawezi kitu, kwamba aliyeita lazima alishe, kwamba aliyesaidiwa hana siku yake mpaka arudishe. Nikangoja wacheke. Hawakucheka. Nyanya wa meno mawili akatikisa kichwa kukubali, akasema huyo aliyeandika anajua taabu yao.

Kwa dakika moja nilisahau kuogopa.

Ndipo Muli akasogea mbele, karatasi imeshatoka nusu mfukoni, akasema kuna jambo mgeni anapaswa kujua kuhusu fomu hiyo. Bi Deqa akamwinulia kidole asubiri, kwani alikuwa hajamaliza maswali. Wapinzani. Hawa Watu wa Stoo ni kina nani?

Akina mama thelathini na wanane wakageuza shingo pamoja, wakamtazama Muli.

"Si ati tunataka kumsema mtu," Mbinya akasema, sauti ileile. "Lakini tumeenda Kitui mara tatu kuuliza saruji. Kuna mtu wa funguo huko. Alituambia tukuje kesho. Tulienda hiyo kesho. Akasema kesho."

Bi Deqa akamtazama Muli, kisha funguo zilizoning'inia kiunoni mwake, kisha urefu wake. Akamuuliza alikuwa anataka kusema jambo gani.

Muli akasema hakuna, ilikuwa tu kuhusu barabara. Karatasi ikarudi mfukoni.

Mwisho, Bi Deqa akauliza mbona kibao chao kimeandikwa Kyeni na fomu inasema Waivia. Hapo Mbinya angeweza kunimaliza kwa neno moja. Akanitazama nilivyosimama, suruali imechanika gotini, mikono imetoka malengelenge.

"Kyeni ndio jina letu," akasema. "Hilo lingine ametupatia huyu karani. Jana amebeba mawe na sisi siku mzima, basi tumemwachia aite vile anataka."

Bi Deqa akakata jina, akaandika Kyeni juu yake kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi. Saruji Jumanne. Nimepona! Nilikula maharagwe sahani tatu, na sijawahi kula chakula kitamu hivyo.

Jumatatu, 21 Septemba. Kitui.

Muli leo alifungua stoo kabla sijafika kazini. Saruji yote imeshapangwa kwa ajili ya lori. Tukapita kwenye korido bila kusalimiana, kila mtu anajua ya mwenzake, kwa hiyo kuna amani.

Bwana Mathenge amewaambia ofisi nzima kwamba mimi ni mfano wa karani anayekwenda kwa wananchi na kuishi nao. Sikutaka kumkatiza.

Jumatano, 30 Septemba.

Sahihi! Miaka miwili. Nimeutazama mkataba mpaka wino ukakauka. Mke wangu amechinja kuku.

Mchana Anders akatuma matokeo ya kura. Mikia ya simba imeshinda. Waivia wamepata kura mbili, na moja ilikuwa yangu. Anders anasema wachezaji waliwapenda, lakini waliona si wa kuaminika. Hakuna kabila, wanasema, ambalo lingefanya kazi namna hiyo na likaendelea kuishi. Muli sasa ni mtawala na hauawi. Nimempongeza. Mikia!

Lakini siwezi kuhuzunika siku ya leo. Jioni Bwana Mathenge aliniita tena, akanikabidhi fomu kumi na mbili mpya za kijani. Kwa vile nina mkono wa kuwaelewa watu, niende Tseikuru wiki mbili, nitembelee vikundi vya huko kimoja kimoja, niwajazie.

Tseikuru! Kule kuna jua, miiba na ngamia. Na mgongo wangu ulivyo.

Nimefikiria sana. Jambo la Nuu limenifundisha kitu kikubwa: ukibuni vizuri, watu wenyewe watatokea. Sasa niende kuteseka kwa nini? Nimeagiza chai, nimefunga mlango, nimechukua fomu ya kwanza.

Jina la kikundi: Walinzi wa Upepo. Makao: Tseikuru, baada ya kisima cha tatu. Wanachama: mia sita. Uongozi: mapacha wawili wasiolala. Kwenye udhaifu bado nafikiria, kwa sababu ndipo wafadhili wanapopenda kusoma.